Bahasha na Lakiri: Historia ya Siri ya Barua, Kutoka Posta Hadi Barua Pepe



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu wa Wanyange, Bugembe, Jinja, Mbale na kwingineko. Makala yetu ya historia safari hii inahusu jambo ambalo kila mmoja wetu analishika mkononi kila siku, nalo ni barua. Tutaanza na barua ya karatasi na tutamalizia na barua pepe. Swali letu ni moja tu mwanzo hadi mwisho: barua inapotoka kwa mwandishi kwenda kwa mwandikiwa, ni nani mwingine anayeweza kuifungua, na anaifungulia wapi?

Tunauliza hivyo kwa sababu watu wakisikia kwamba ziko njia za kufunga barua pepe kwa fumbo ili asiyehusika asiisome, wengi husema: "Mtu asiyefanya ubaya anaficha nini?" Maneno haya yana sura ya hekima. Lakini hakuna aliyemwambia bibi yake hivyo alipomwona akilamba bahasha na kuifunga. Barua ya posa, majibu ya daktari, deni la ada, shauri la mirathi, mke kumweleza mume aliye safarini hali ya nyumba: yote haya ni halali, na yote yana wenyewe. Kufunga bahasha hakukuwa dalili ya uhalifu. Ilikuwa ni adabu.

Barua na muhuri katika zama za mwanzo

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwaandikia Warumi aliambiwa kuwa wao hawasomi barua isiyokuwa na muhuri. Akatengeneza pete ya fedha iliyochorwa jina lake, akaitumia kupigia muhuri barua zake. Muhuri una kazi mbili, nazo tuzishike vizuri kwa sababu zitarudi mbele. Kwanza unathibitisha nani ameandika. Pili unaonyesha kama barua imefunguliwa njiani.

Qur'ani nayo, katika Suratul Hujuraat aya ya 12, inakataza kupeleleza siri za watu, na katika Suratun Nuur aya ya 27 inaagiza kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba isiyokuwa yako. Wanavyuoni wameziweka aya hizi katika msingi wa heshima ya faragha ya mtu na ya nyumba yake.

Je, ina maana hakuna barua iliyowahi kukamatwa? Hapana. Mwaka wa 8 Hijria, kabla ya kufunguliwa Makka, Hatib bin Abi Balta'a (r.a.) aliwaandikia Maquraishi barua ya kuwapa habari za safari ya Waislamu. Mtume (s.a.w.) alijulishwa, akawatuma masahaba akiwemo Ali (r.a.) wamfuate mwanamke aliyebeba barua hiyo, nao wakaipata. Tuangalie kwa makini jinsi lilivyokwenda. Barua iliyotafutwa ilikuwa moja, inayojulikana, kwa sababu inayojulikana. Wasafiri wote wa njia ile hawakupekuliwa. Kisha mwandishi aliitwa, akaulizwa, akasikilizwa udhuru wake, na akasamehewa. Tofauti kati ya kufungua barua moja kwa sababu na kufungua barua za watu wote kwa kushuku ndiyo tofauti tutakayoipima katika historia yote ya nchi yetu.

Mwanachuoni aliyehesabu herufi

Watu wa zamani waliotaka siri zaidi ya lakiri waliandika kwa mafumbo, yaani walibadilisha herufi. Ukichukua neno "salamu" na kusogeza kila herufi hatua moja mbele, unapata "tbmbnv". Asiyejua kanuni haambulii kitu.

Aliyeonyesha udhaifu wa mafumbo haya alikuwa Mwislamu, Abu Yusuf Ya'qub al-Kindi, mzaliwa wa Kufa aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Aliandika risala juu ya kufumbua maandishi yaliyofichwa, na nakala yake ilipatikana tena Istanbul katika karne ya 20. Njia yake ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuijaribu leo jioni. Kila lugha ina herufi zinazotokea sana na nyingine zinazotokea kwa nadra. Chukua ukurasa wa gazeti la Kiswahili uhesabu: herufi "a" itazishinda zote. Basi ukipata maandishi marefu ya fumbo la Kiswahili na ukaona "b" imejaa kila mahali, bila shaka "b" hiyo ni "a" iliyovaa kanzu nyingine. Hata katika "tbmbnv" fupi, "b" imeshajitokeza mara mbili.

Huu ndio uchambuzi wa kwanza wa namna hiyo unaojulikana katika historia. Kwa karne nyingi baada yake, kila aliyetunga fumbo ilimbidi ajiulize kama litasimama mbele ya mtu anayejua kuhesabu.

Barua zafika Busoga na Mbale

Sasa turudi nyumbani. Wafanyabiashara kutoka pwani walipofika bara walikuwa na desturi ya kuandikiana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na barua ilisafiri katika mkono wa mtu anayeaminiwa. Huyo aliyebeba alikuwa ndiye lakiri yenyewe. Kama ni mwaminifu, barua ilifika salama.

Stempu za kwanza za Uganda zilipigwa kwa taipureta mwaka 1895 na mmisionari Ernest Millar, na bei zake zilihesabiwa kwa kauri. Si ajabu basi kwamba mpaka leo pesa kwa Kiganda huitwa ensimbi, neno la kauri hizo hizo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Semei Kakungulu aliweka makao Mbale, na Waswahili, Waarabu na Wahindi wakafungua maduka. Mwaka 1912 reli ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa. Mwaka 1931 daraja la reli lilivuka Nile pale Jinja, gari moshi likaenda moja kwa moja kutoka Mombasa hadi Kampala. Bahasha zilipita katika magunia ya posta, si tena katika mfuko wa mtu tunayemjua.

Hapo ndipo mahali pa kufungulia barua palipohamia mara ya kwanza. Barua ilikaa mikononi mwa serikali tangu kutumbukizwa mpaka kuchukuliwa. Wakati wa amani watu waliiamini posta. Vita vilipokuja mambo yalibadilika. Katika Vita vya Pili vya Dunia barua za askari wa KAR, wakiwemo wana wa Uganda waliopigana Burma, zilisomwa na wakaguzi wa jeshi kabla ya kutumwa. Sababu iliyotajwa ni kuzuia siri za vita zisivuje, na sababu hiyo ina maana. Lakini wakaguzi hawakuishia hapo. Waliandika pia taarifa za kuwaeleza wakubwa askari wanalalamikia nini: mishahara, ardhi, wake walioachwa nyumbani. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya siri za jeshi ulitumika kuangalia moyo wa askari ukoje. Historia itarudia jambo hili mara nyingi.

Na tusisahau kwamba si serikali peke yake. Katika nchi ambayo barua huenda kwenye sanduku la posta, si mlangoni kwa mtu, shule nzima au msikiti mzima hutumia sanduku moja. Katika shule nyingi za bweni barua ya mzazi ilipita mezani kwa mwalimu, na mara nyingi ilimfikia binti ikiwa tayari imefunguliwa.

Zama za State Research

Mwaka 1971 Idi Amin alichukua madaraka, na serikali yake ikaanzisha State Research Bureau, yenye makao Nakasero mjini Kampala. Vitabu vya historia vimeeleza ukatili wake, nasi hatutarudia yote. Linalotuhusu hapa ni namna habari zilivyopatikana.

Idara ile ilitegemea watu kuliko mitambo. Jirani alimchongea jirani. Mwenye deni alimshtaki anayemdai. Simu za mbali zilipitia kwa opereta aliyeziunganisha kwa mkono, na opereta akitaka aliweza kusikiliza. Kwa hiyo mtu mwenye busara hakuandika jina wala kutaja jina kwenye simu. Mahali pa kufungulia siri palikuwa pamehamia tena, safari hii kwenye mdomo wa mtu wa karibu. Tuweke akilini somo hili: bahasha nzuri kiasi gani haikusaidii kama aliyeko mwisho wa njia ametishwa au amenunuliwa.

Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na ya wapiganaji wa Uganda yaliingia Kampala, na siku chache baadaye Jinja. Katika jengo la Nakasero walikuta mafaili na karatasi za idara ile. Nasi Waislamu tuna la kukumbuka katika mabadiliko yale. Amin alikuwa Mwislamu, na serikali yake ndiyo iliyosimamia kuanzishwa kwa Uganda Muslim Supreme Council mwaka 1972. Alipoanguka, Waislamu katika baadhi ya sehemu walilipiziwa kisasi bila ya kosa lao, na Bushenyi mwaka 1979 wengi waliuawa. Funzo ni kwamba chombo cha kupeleleza watu hakina dini wala hakina rafiki. Anayefurahi leo kwamba kinawaangalia wengine, kesho serikali ikibadilika kinamwangalia yeye. Ndiyo maana ulinzi wa siri za watu hauwezi kutegemea wema wa aliyeko madarakani, bali sheria na kanuni zinazomfunga kila mmoja.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliyajua haya. Kifungu cha 27 kinalinda faragha ya mtu, nyumba yake, barua zake na mawasiliano yake.

Barua pepe: kadi isiyo na bahasha

Intaneti ya kibiashara ilianza kuenea Uganda katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Miaka michache baadaye Jinja na Mbale zikawa na kafe za intaneti, na vijana wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale (IUIU), kilichofunguliwa mwaka 1988, wakajifunza kufungua akaunti za Yahoo na Hotmail. Furaha ilikuwa kubwa. Barua iliyochukua wiki tatu kufika Madina au London sasa ilichukua dakika.

Wachache walifahamu kwamba kitu kile hakikuwa barua. Kilikuwa kadi ya posta isiyo na bahasha. Barua pepe haiendi moja kwa moja. Inapita katika kompyuta nyingi njiani, na kila inapopita huachwa nakala, hata kama ni kwa muda mfupi. Mwaka 2005 mtu aliyekaa kwenye kafe ya Jinja akisoma Yahoo, neno lake la siri lilifichwa wakati wa kuingia, lakini barua zenyewe zilipita wazi. Mwenye kafe mwenye ujuzi kidogo, au fundi wa kampuni ya intaneti, aliweza kuzisoma. Gmail ilianza kufunga njia kati ya msomaji na kompyuta zake kwa kawaida mwaka 2010, na Yahoo mwaka 2014.

Dawa ya jambo hili ilikuwa imeshapatikana zamani. Tatizo la mafumbo yote ya kale lilikuwa ufunguo. Ukitaka kumwandikia mwanao kwa fumbo ni lazima kwanza mkubaliane kanuni, na kanuni yenyewe itasafirije bila kuibiwa? Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman, Marekani, walitoa jibu. Tutoe mfano. Binti yuko Madina anasoma, mama yuko Mbale. Binti anatengeneza kufuli nyingi zinazofunguliwa na ufunguo mmoja. Ufunguo anabaki nao, kufuli anazigawa wazi kwa yeyote anayetaka kumwandikia. Mama anaweka barua ndani ya sanduku na kulibana kwa kufuli ya binti. Tangu hapo hata mama mwenyewe hawezi kulifungua. Ni binti peke yake. Kufuli hiyo ndiyo huitwa ufunguo wa wazi, na ule anaobaki nao ni ufunguo wa siri. Kazi ya kufuli inafanywa na hesabu ambazo ni rahisi kwenda mbele na ngumu mno kurudi nyuma. Kwa Kiswahili cha siku hizi kazi hii yote huitwa usimbaji fiche.

Kati ya wanafunzi wa Hellman alikuwemo kijana Mmisri mzaliwa wa Cairo, Taher Elgamal. Mwaka 1985 alitoa mfumo wake wa ufunguo wa wazi, na katika miaka ya 1990 akiwa mwanasayansi mkuu wa kampuni ya Netscape alisimamia kazi ya SSL, mzizi wa ile alama ya kufuli tunayoiona tunapofungua tovuti ya benki. Vijana wetu wanaodhani hesabu ni somo la wengine wamkumbuke. Al-Kindi wa Baghdad alitufundisha kufumbua, na Elgamal wa Cairo akatengeneza fumbo ambalo kuhesabu herufi hakulifumbui.

Kwa upande wa barua pepe, Mmarekani Phil Zimmermann alitoa programu ya PGP mwaka 1991 ili mtu wa kawaida aweze kujifungia barua zake. Serikali yake ilimchunguza kuanzia 1993 kwa madai ya kusafirisha nje kitu kilichohesabiwa kuwa ni silaha, ikaacha mwaka 1996. Mwaka 1999 Mjerumani Werner Koch alitoa GnuPG, programu ya bure ya kazi hiyo hiyo. Katika toleo lile la kwanza mfumo wa Elgamal ndio uliotumika kufungia, kwa sababu mfumo mwingine maarufu ulikuwa bado umefungwa na hataza.

Tunaona hapa muhuri umerudi na kazi zake mbili. PGP hufunga barua, na pia hutia sahihi inayothibitisha nani ameandika na kwamba hakuna neno lililobadilishwa njiani.

Mwaka 2010

Julai 11, 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka Kampala kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo na kwenye mkahawa wa Kabalagala. Watu zaidi ya 70 waliuawa. Al-Shabaab walidai kuhusika. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'uun. Waliokufa walikuwa watu waliokwenda kutazama mpira, na hakuna mwenye imani anayeweza kulitetea tendo lile.

Siku chache tu baada ya msiba, Bunge lilipitisha sheria ya kunasa mawasiliano, Regulation of Interception of Communications Act, ambayo mswada wake ulikuwapo tangu 2007. Sheria inaagiza kuwepo kituo cha kufuatilia mawasiliano. Inayataka makampuni ya simu na intaneti yaweke mitambo inayowezesha kunasa. Inawataka wenye laini za simu wasajiliwe. Inataka kibali cha jaji wa Mahakama Kuu kabla ya kunasa. Na kuna jambo ambalo msomaji wa makala hii ni lazima alijue: mtu mwenye ufunguo wa habari zilizofungwa kwa fumbo anaweza kuamriwa kwa notisi autoe, na akikataa anaweza kushtakiwa na kufungwa.

Tuwe waadilifu. Kibali cha jaji ni jambo jema, kwani ndiyo njia ya kutafuta barua moja kwa sababu inayojulikana. Na jamii yetu yenyewe imehitaji ulinzi. Kuanzia 2012 masheikh kadhaa waliuawa kwa risasi, na katika 2014 na 2015 misiba hiyo ilifika huku kwetu mashariki, Mayuge na Mbale. Mjane wa sheikh aliyeuawa anataka muuaji apatikane, na ana haki. Lakini watetezi wa haki za binadamu walilalamika kwamba sheria ilipitishwa kwa haraka katika siku za majonzi, na kwamba usimamizi wake ni dhaifu. Hofu ya kawaida katika nyumba zetu ni hii: kijana mwenye ndevu anayeandikiana na mwalimu wake aliye nje juu ya masuala ya fiqhi, je, atasomwa kama mwanafunzi au kama mshukiwa?

Fungua Macho

Oktoba 2015 shirika la Privacy International la London lilitoa ripoti juu ya Uganda. Kwa mujibu wa hati lilizozipata, baada ya uchaguzi wa 2011 na maandamano ya kutembea kwa miguu kwenda kazini, idara ya ujasusi wa jeshi (CMI) na polisi walipata programu ya FinFisher kutoka kampuni ya Gamma iliyokuwa na ofisi Ujerumani. Mpango huo ulipewa jina la Kiswahili: Fungua Macho. Ripoti ilisema waliolengwa ni pamoja na wapinzani wa kisiasa na waandishi wa habari, na kwamba mitandao bandia ya intaneti isiyo na waya iliwekwa katika hoteli 21 za Kampala, Entebbe na Masaka. Jinja na Mbale hazimo katika orodha hiyo. Serikali ilikanusha ripoti.

Namna FinFisher inavyofanya kazi ndiyo inayotufundisha. Haivunji fumbo. Inaingia ndani ya kompyuta au simu yenyewe, mara nyingi kwa mtu kudanganywa afungue faili, kisha inasoma kila herufi inayobonyezwa kabla barua haijafungwa. Kwa maneno mengine, haisubiri bahasha njiani. Imekaa mezani pako ukiandika. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2022, lakini nyingine zimeshika kazi hiyo. Mwaka 2021 Apple iliwaonya wafanyakazi wa ubalozi wa Marekani waliohusika na Uganda kwamba simu zao zilidukuliwa kwa programu ya Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israeli.

Basi tujumlishe historia. Kwanza siri ilikuwa mikononi mwa mbebaji, kisha ikahamia kwenye gunia la posta, kisha kwenye mdomo wa jirani, kisha kwenye mitambo ya kampuni, na sasa kwenye kifaa chenyewe. Kila bahasha ilipoimarika, mfunguaji alihamia pengine. Asiyejua mfunguaji yuko wapi atafunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Familia ifanye nini?

La kwanza, tujue kila kitu kinalinda nini. Wengi wetu tulijifunza VPN Februari 2016, mitandao ya kijamii ilipofungwa wakati wa uchaguzi. VPN huificha njia yako isionekane na kampuni ya simu. Haifungi barua yako ya Gmail isisomwe na Google. WhatsApp tangu Aprili 2016 hufunga ujumbe kutoka simu hadi simu, lakini nakala za akiba zinazohifadhiwa mtandaoni hazifungwi mpaka wewe uamue, na uwezo huo ulianza 2021. Barua pepe ya kawaida haifungwi namna hiyo kabisa. Anayetaka kuifunga anaweza kutumia Thunderbird, ambayo tangu 2020 ina OpenPGP ndani yake, au huduma kama Proton Mail ya Uswisi iliyoanza 2014.

La pili, fumbo halifichi nje ya bahasha. Nani ameandika, kwa nani, saa ngapi, yote huonekana. Kichwa cha barua nacho katika PGP ya kawaida hakifungwi. Mwaka 2021 Proton yenyewe ililazimishwa na mamlaka ya Uswisi kurekodi na kutoa anwani ya mtandao ya mteja mmoja, ingawa yaliyomo ndani ya barua zake hayakusomeka. Basi usiandike "Majibu ya hospitali ya mama" kwenye kichwa ukadhani umeficha.

La tatu, linda kifaa kuliko kitu kingine. Sasisha programu za simu. Usifungue faili usilolitarajia, hata likitoka kwa jina unalolijua, mpaka umpigie simu na kumuuliza. Usijiunge ovyo na intaneti ya bure. Fundi wa simu mtaani usimwachie simu iliyo wazi.

La nne, tuijue sheria. Kutumia fumbo peke yake si kosa. Lakini ufunguo unaweza kudaiwa kisheria, na akipewa mtu notisi ya namna hiyo njia sahihi ni kumtafuta wakili mara moja. Uganda pia ina sheria ya kulinda taarifa za watu, Data Protection and Privacy Act ya 2019. Kamati za misikiti na za shule, zinazoweka orodha za mayatima, za wagonjwa na za wanaopokea zaka, zijue kwamba sheria hiyo inazihusu na zenyewe.

La tano linatugusa sisi wazazi. Tukidai serikali isisome barua zetu bila ya sababu, tusiwe sisi wa kwanza kupekua simu za watoto wetu wakubwa na za wake au waume zetu bila ya sababu. Mtoto mdogo anahitaji ulezi, na mzazi ana haki ya kujua anaongea na nani, amwambie waziwazi kwamba anaangalia. Lakini kunyemelea usiku na kufungua simu ya mtu mzima ni upelelezi ule ule uliokatazwa, hata ukifanywa na mtu anayependa.

Ndugu wasomaji, mtu mwovu naye anaweza kufunga barua yake, kama alivyoweza zamani kuilamba bahasha. Lakini fumbo halimzuii jaji kutoa kibali juu ya mtu mmoja mwenye tuhuma inayojulikana, wala halizuii ushahidi kupatikana kwake au kwa aliyemwandikia. Linalozuiwa ni kusomwa kwa watu wote kwa pamoja, kimya kimya, kwa sababu tu ni rahisi. Barua ya mwanao aliye ugenini ni amana kati yako na yeye. Mwambie wiki hii mkae pamoja, hata kwa simu, mbadilishane kufuli zenu.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.